Sanamu zilizorithi kazi ya mapadre

*Mwaka 2015 chuo kikuu cha Wajesuiti mjini St. Louis kilimhamisha Padre De Smet kutoka uwanjani. Ugomvi uliofuata ulibeba mengi kuliko sanamu moja.*

Mwezi Mei 2015, mwaka wa masomo ukiwa ukingoni, Chuo Kikuu cha Saint Louis nchini Marekani kilimhamisha Padre Pierre-Jean De Smet. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama nje ya bweni la Fusz, katikati ya eneo la chuo, mkono wenye msalaba ameuinua juu. Mbele yake, chini kidogo, walikuwapo Wenyeji wawili wa asili wa Amerika wakiwa na mavazi ya jadi yao. Padre alikuwa akiwaombea.

Iliyohamishwa ni sanamu, maana De Smet mwenyewe alifariki mwaka 1873 katika mji huohuo. Ilipelekwa kwenye jumba la sanaa la chuo, kaskazini kidogo ya hapo, ambako uongozi uliahidi kuipa nafasi kati ya vitu vingine vya zama zake, pamoja na maelezo ya historia.

Habari haikukaa jimboni Missouri. Kwa baadhi ya wahitimu na waandishi Wakatoliki, chuo kilikuwa kimemwonea haya mmisionari wake mashuhuri kuliko wote. Kwa wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi waliokuwa wakinung'unika kila walipoipita sanamu ile, chuo kilikuwa kimechelewa.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu kuhitimu aliandika katika gazeti la chuo kwamba sanamu hiyo ilikuwa ikitoa ujumbe bila kufungua mdomo: usiponyenyekea mbele ya utamaduni wetu na dini yetu, hapa si mahali pako. Wapinzani wake wakajibu kwamba huko ni kuhukumu karne ya 19 kwa mahakama ya karne ya 21.

Magomvi ya namna hii yametokea katika vyuo kadhaa vya Kikatoliki vya Marekani, na kila ninapoyasoma swali langu huwa moja. Mbona watu wenye shahada mbili tatu, wenye maktaba na mimbari, wanapigania kitu kisichosema? Nadhani ni kwa sababu sanamu hizi zimeachiwa kazi iliyokuwa ikifanywa na watu.

Kanzu Nyeusi

De Smet alizaliwa Dendermonde, Ubelgiji, mwaka 1801. Alipofika umri wa miaka 20 alipanda meli kwenda Amerika bila kumuaga baba yake, akajiunga na Shirika la Yesu, hao Wajesuiti ambao msomaji wa Dar es Salaam anawajua kwa shule ya Loyola na wa Nairobi kwa Chuo cha Hekima.

Wenyeji waliwaita Wajesuiti Kanzu Nyeusi. Na hapa pana jambo ambalo watetezi wa De Smet hulishika kwa mikono miwili: hakujipeleka mwenyewe milimani. Mwaka 1831 ujumbe wa watu wanne wa makabila ya Nez Perce na Salish ulitoka upande wa pili wa Milima ya Rocky, ukasafiri mpaka St. Louis. Wawili kati yao walifia hapohapo mjini. Ujumbe mwingine ukafuata, na mwingine tena, hadi mwaka 1839. Walikuwa wamesikia habari za Kanzu Nyeusi kutoka kwa watu wa kabila la Wairokwa waliohamia kwao, wakamtaka mmoja aje akae nao.

De Smet alikwenda kuwaona mwaka 1840. Mwaka uliofuata akaanzisha Misheni ya Mtakatifu Maria katika bonde la Bitterroot, eneo ambalo leo ni jimbo la Montana.

Baada ya hapo maisha yake yakawa safari: farasini, ndani ya mitumbwi, ndani ya meli za kurudi Ulaya kuomba fedha. Alihudhuria mkutano mkubwa wa amani wa Fort Laramie mwaka 1851, na ramani alizochora zilitumiwa na serikali. Machifu walimwamini kwa sababu walikuwa wamekutana na Wazungu wengi wenye karatasi za kutia saini, na huyu alionekana hataki ardhi yao.

Safari iliyompa jina kubwa ni ya Juni 1868. Akiwa na miaka 67, mwili umeanza kumchosha, aliingia kambi ya Wenyeji wa kabila la Walakota waliokuwa vitani na jeshi la Marekani, akiwa na bendera yenye picha ya Bikira Maria. Sitting Bull, kiongozi wao aliyeogopwa kuliko wote, alimpokea na kumlinda. Sitting Bull hakutia saini chochote, lakini aliruhusu wajumbe waende, na baadhi ya wakuu wake wakaukubali mkataba wa Fort Laramie wa mwaka huo. Mkataba uliwahakikishia Walakota ardhi kubwa ikiwemo milima ya Black Hills.

Amani hiyo haikuzidi miaka kumi. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ukatangaza kuna dhahabu milimani, na mwaka 1877 serikali ikaichukua ardhi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Walakota walistahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Wamekataa kuzichukua hadi leo. Wanachotaka ni milima yao.

De Smet hakuwaibia Black Hills. Lakini aliweka jina lake, na jina la Bikira Maria, kuwa dhamana ya neno la serikali iliyokuja kulivunja. Hilo haliwezi kuonekana katika sanamu ya padre anayeombea watu wawili, hata mchongaji angekuwa hodari namna gani.

> De Smet aliweka jina lake, na jina la Bikira Maria, kuwa dhamana ya neno la serikali iliyokuja kulivunja.

Msafara wa 1823

Kuna watu wengine ambao uwanja ule haukuwataja kabisa.

De Smet alifika Missouri mwaka 1823, akiwa mnovisi, katika msafara uliotoka Maryland chini ya Padre Charles Van Quickenborne. Walikuwapo Wajesuiti kumi na wawili, wengi wao vijana wa Ubelgiji. Walikuwapo pia watu sita waliokuwa mali ya Wajesuiti: Thomas na Mary, Moses na Nancy, Isaac na Susanna. Ni ndoa tatu za watumwa, walioletwa kufyeka pori, kupika, kufua na kujenga makao mapya ya shirika huko Florissant. Wajesuiti walipokichukua chuo cha St. Louis mwaka 1829, kazi ya watumwa ikaingia nayo chuoni.

Historia hiyo ilikuwa kwenye makabrasha muda wote. Ilianza kufanyiwa kazi ya wazi mwaka 2016, Wajesuiti na chuo walipoanzisha mradi wa kuwatafuta watumwa hao kwa majina na kuwatafuta wazao wao.

Tukumbuke mji wenyewe ulivyokuwa. Agosti 2014 kijana mweusi, Michael Brown, aliuawa kwa risasi za polisi huko Ferguson, kitongoji cha St. Louis. Oktoba mwaka huohuo mwingine, VonDerrit Myers, akauawa si mbali na chuo. Usiku wa kuamkia Oktoba 13 maandamano yaliingia chuoni, na waandamanaji pamoja na wanafunzi wakapiga kambi kwenye uwanja wa mnara wa saa kwa siku sita.

Rais wa chuo, Fred Pestello, alikuwa na miezi mitatu tu ofisini. Hakuita polisi wawatimue. Alizungumza nao, na wakamaliza kwa makubaliano ya mambo 13. Pestello pia alikuwa rais wa kudumu wa kwanza mlei, yaani asiye padre wala mtawa, katika historia ya chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1818. Hilo la ulei wake wengi walilipita haraka, nami nitalirudia.

Kwa hiyo sanamu ya De Smet ilipoondolewa miezi saba baadaye, haikuondolewa katika mji uliotulia. Kila kitu chuoni kilikuwa kimeanza kutazamwa upya, hasa kinachomweka mtu mmoja juu na wengine chini.

Heshima na ukumbusho

Mkatoliki anayesoma makala hii huenda ameshajibu moyoni: sanamu haiabudiwi. Ndivyo. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule anayewakilishwa. Mtaguso wa Trento ulirudia mafundisho hayo mwaka 1563, wakati Waprotestanti wakivunja sanamu makanisani. Kanuni ya 1188 ya Sheria za Kanisa inaruhusu sanamu na picha takatifu makanisani, ila ziwe kwa kiasi na kwa mpango unaofaa, watu wasichanganyikiwe.

Ila De Smet hajatangazwa mtakatifu. Sanamu yake haikuwekwa ili mtu awashe mshumaa mbele yake. Ilikuwa ya ukumbusho, na kumbukumbu ni jambo la hiari: nani akumbukwe, katika tendo gani, akiwa na nani miguuni pake. Kuihamisha hakukugusa kifungu chochote cha imani. Waliopiga kelele kwamba dini inafukuzwa chuoni walichanganya vitu viwili ambavyo Kanisa lenyewe limevitenganisha kwa karne nyingi.

Isitoshe, kanuni hiyo inaishia mlangoni mwa kanisa. Uwanja wa chuo hauna kanuni yake. Huko wanaoamua ni rais wa chuo, bodi ya wadhamini na, mara nyingi kuliko inavyosemwa, mtu aliyetoa fedha.

Walei washika usukani

Turudi nyuma hadi mwaka 1944. Asubuhi moja ya Februari, Padre Claude Heithaus, Mjesuiti na mwalimu wa chuo hichohicho, alipanda mimbarini katika kanisa la chuo akahubiri dhidi ya ubaguzi wa rangi. St. Louis ilikuwa mji wa kibaguzi na chuo hakikuwapokea weusi. Mwishoni aliwataka waumini wasimame waombe msamaha na kuahidi kutoshiriki tena dhuluma hiyo. Wakasimama. Majira ya joto ya mwaka huo wanafunzi weusi wa kwanza wakapokelewa. Heithaus mwenyewe alijikuta mashakani na wakubwa wake, akahamishwa.

Hapo hakuna aliyehitaji kuangalia sanamu ili ajue chuo ni cha Kikatoliki. Kulikuwa na padre mwenye sauti na waliomjibu, na wakubwa waliomkasirikia.

Mwaka 1967 mambo yalianza kugeuka. Padre Paul Reinert, rais wa chuo wakati huo, alikabidhi bodi ya wadhamini kwa walei walio wengi, na chuo kikawa kati ya vyuo vikubwa vya Kikatoliki vya kwanza kufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Notre Dame kilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo. Julai, viongozi wa vyuo hivyo walikutana Land O'Lakes, Wisconsin, wakitangaza kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki kinahitaji uhuru wa kweli mbele ya mamlaka ya aina yoyote, hata ya Kanisa.

Papa Yohane Paulo II alijibu kwa Katiba yake ya Kitume ya Agosti 15, 1990, *Ex corde Ecclesiae*, akidai utambulisho wa Kikatoliki uonekane katika mafundisho na katika maisha ya chuo. Lakini miito ilikuwa imepungua. Kanzu zilitoweka madarasani moja baada ya nyingine. Chuo Kikuu cha Georgetown kikapata rais mlei wa kwanza mwaka 2001, Saint Louis mwaka 2014.

Mhadhiri mlei anaweza kuwa Mkatoliki bora kuliko padre, simlaumu yeyote. Ila mzazi anayetembelea chuo na kulipa ada kubwa anauliza, "Ukatoliki wenyewe uko wapi?" Zamani angeonyeshwa mtu. Sasa anaonyeshwa kitu ukutani.

> Zamani angeonyeshwa mtu. Sasa anaonyeshwa kitu ukutani.

Ndiyo maana mwaka 2009 ulikuwa na vioja viwili vilivyopishana kwa miezi michache tu. Boston College, chuo cha Wajesuiti, kilifungua muhula baada ya Krismasi wanafunzi wakakuta misalaba imetundikwa madarasani. Baadhi ya wahadhiri wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Aprili 14, Rais Barack Obama alihutubia kuhusu uchumi katika ukumbi wa Gaston, Georgetown. Ikulu iliomba alama zilizo nyuma yake zifunikwe, na herufi IHS, ufupisho wa jina la Yesu, zikafichwa kwa ubao uliopakwa rangi nyeusi.

Chuo kimoja kilitundika na kingine kikafunika. Vyote viwili vilikuwa vinategemea mbao na chuma viseme jambo ambalo pengine watu wa vyuo hivyo wasingekubaliana kulisema kwa kinywa kimoja.

Dhahabu ya Sorin

Kuna chuo ambako sanamu hupendwa mpaka kufanyiwa utani, na nadhani sababu yake inaunga mkono ninachosema.

Notre Dame, jimboni Indiana, kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo limefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1950. Aprili 23, 1879 jengo kuu likaungua lote. Sorin, aliyekuwa mzee tayari, akajenga upya, na juu ya kuba akamweka Bikira Maria mwenye uzito unaokaribia tani 2, mfano wa yule wa Piazza di Spagna, Roma.

Kisha akataka kuba lipakwe dhahabu halisi. Mapadre wenzake walisema ni ufujaji. Sorin akahamia kwa masista wa jirani wa Saint Mary's akawa anaendesha mambo akiwa huko, hadi wakasalimu amri. Dhahabu ikapakwa mwaka 1886. Sijui kiongozi mwingine aliyewahi kugoma dhidi ya wafanyakazi wake mwenyewe akashinda.

Wanafunzi wa Notre Dame, wazimu wa kandanda ya Kimarekani, wamezisajili sanamu zote timuni. Kwenye ukuta wa maktaba kuna Kristo mkubwa wa mawe ya rangi, kazi ya Millard Sheets ya mwaka 1964, aliyeinua mikono miwili. Kwa mashabiki uwanjani ni refa anayeashiria alama za ushindi. Padre William Corby, aliyewapa askari wa Kiayalandi ondoleo la dhambi kabla hawajaingia katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, ameinua mkono kama mchezaji anayetaka kudaka mpira bila kusumbuliwa.

Na pembeni mwa maktaba yupo Musa wa Joseph Turkalj, wa mwaka 1962, kidole kimoja angani. Wanafunzi wanasema anatangaza kwamba timu ni namba moja. Mguu wake umekanyaga kichwa cha ndama wa dhahabu, hatua chache kutoka kwenye kuba la Sorin. Anayetaka kucheka na acheke.

Utani huo haumuumizi mtu kwa sababu sanamu za Notre Dame hazijaachwa peke yao. Rais wa chuo bado hutoka miongoni mwa mapadre wa shirika. Wa sasa, Padre Robert Dowd, aliyeshika kazi mwaka 2024, ni msomi wa siasa na dini barani Afrika. Kila bweni lina kikanisa chake. Mwanafunzi anayetaka kujua Ukatoliki ni nini ana mlango wa kubisha.

Hata hivyo Notre Dame nao walipata mgogoro wao. Ndani ya jengo kuu, Luigi Gregori alichora kati ya 1882 na 1884 michoro 12 ya maisha ya Christopher Columbus. Wakati ule Wakatoliki wa Marekani walidharauliwa kama wageni, na Columbus alikuwa hoja yao: Mkatoliki ndiye aliyetangulia. Kwa Mwenyeji wa asili, michoro ileile ni ya jirani aliyeingia na kuchukua nyumba.

Januari 2019, Padre John Jenkins, rais wa wakati huo, alitangaza kwamba itafunikwa. Imechorwa moja kwa moja kwenye lipu, haiwezi kubandulika. Sasa ina vitambaa vinavyoweza kuvutwa ikihitajika kwa masomo. Wengine waliona ni woga wa pande mbili; mimi naona ni mojawapo ya maamuzi machache katika sakata hizi yaliyokiri kwamba dharau waliyopata Wakatoliki na dhuluma waliyopata Wenyeji ni kweli zote mbili.

Kuongeza nako kuna bei

Mwaka uleule wa 2015, Septemba 23, Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Junípero Serra, mmisionari wa California wa karne ya 18, katika ibada iliyofanyika jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Amerika, Washington. Kwa hiyo katika muda wa miezi minne mmisionari mmoja aliondolewa uwanjani na mwingine akapandishwa altareni, na mashtaka dhidi yao yalikuwa karibu yaleyale. Juni 2020 sanamu ya Serra ikaangushwa katika bustani ya Golden Gate, San Francisco.

Chuo Kikuu cha San Diego kilijaribu njia nyingine. Mwaka 2019 kililipa jengo la Serra jina la pili, la Mtakatifu Kateri Tekakwitha, Mwenyeji wa asili aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2012. Wenye kuchukia Serra hawakuridhika, na wenye kumpenda waliona amewekewa msimamizi.

Lakini wanaodhani tatizo huisha kwa kuongeza nyuso mpya wakumbuke kilichotokea Washington. Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki ilitundika mwaka 2021 picha takatifu ya Kelly Latimore iitwayo "Mama": Bikira Maria mweusi amempakata Mwanawe aliyekufa. Wengi walimwona Yesu yule ana sura ya George Floyd, aliyeuawa na polisi mwaka uliotangulia. Novemba picha ikaibwa. Chuo kikatundika nakala ndogo. Nayo ikaibwa.

Katika kila kisa hapo juu, aliyeamua aliamua juu ya kitu kabla ya kuwaketisha watu. St. Louis walihamisha sanamu. Sikatai, pale ilipokuwa haikuwa na maneno yoyote pembeni, na kule ilikopelekwa iliahidiwa maelezo. Ningekuwa na kura ningewaunga mkono. Ila ningetaka kwanza wazee wa Salish na wa Lakota waalikwe wasimulie mbele ya wanafunzi De Smet walivyomjua kwao. Baadhi wangemtetea kuliko Wakatoliki wa St. Louis, na baadhi wangesema mambo ambayo jumba la sanaa haliwezi kuyaandika kwenye kibao kidogo.

Kaburi lisilo na mgogoro

Septemba 1838 askari waliwazingira Wenyeji wa kabila la Wapotawatomi zaidi ya 800 kaskazini mwa Indiana, wakawatembeza kwa miguu miezi miwili hadi Kansas, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi wao watoto.

Padre kijana kutoka Rennes, Ufaransa, Benjamin Petit, mwanasheria aliyeacha uwakili akawa padre, alikuwa ameishi nao chini ya miaka miwili. Aliomba ruhusa ya askofu wake akatembea nao, akibatiza watoto waliokuwa wakifa na kuzika waliokufa. Yeye mwenyewe aliugua homa. Aliporudi hakuvuka St. Louis. Alifia katika nyumba ya Wajesuiti wa chuo, Februari 10, 1839, akiwa na miaka 27.

Baadaye Sorin, yuleyule wa dhahabu, aliileta mifupa yake Notre Dame. Imelala chini ya kikanisa cha magogo kando ya ziwa, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wapotawatomi. Sijasikia mtu aliyedai Petit aondolewe. Labda ni kwa sababu haonyeshwi akiwa amesimama juu ya mtu. Labda ni kwa sababu watu wengi hupita bila kujua yupo.

Huko St. Louis, hesabu imehamia kwingine. Februari 2024 wazao wa watumwa wa Wajesuiti walijitokeza hadharani na wachumi wao. Walikuwa wamepiga hesabu ya kazi ambayo mababu zao waliifanya bila malipo, na kwa makadirio ya chini kabisa ilifika mamia ya mamilioni ya dola. Walitaka chuo kiwaambie kitalipa nini, na lini.